MZEE ALIYEPASULIWA: DALILI ZA HATARI NA WAJIBU WA KUSEMA MAPEMA

(Maneno ya hotuba kwa watu wenye wagonjwa wazee hospitalini na nyumbani)



Mzee anapoingizwa katika chumba cha kupasulia, jamaa zake hukaa nje juu ya benchi wakimwomba Mungu. Daktari anapotoka na kusema kwamba kazi imekwisha salama, watu hushukuru, hupelekeana habari kwa simu, na wengine hushika njia kurudi makwao. Furaha hiyo ni haki yao. Lakini liko jambo moja ambalo yafaa lijulikane na kila mwenye mzazi, babu au nyanya: kisu kikishawekwa chini, hatari haijaondoka. Kwa mzee, siku zenye hatari nyingi ni zile zinazofuata.

Jambo hili limepimwa katika bara hili la Afrika. Mwaka 2018 jarida la udaktari liitwalo The Lancet lilichapisha matokeo ya uchunguzi mkubwa uliofanywa katika hospitali 247 za nchi 25 za Afrika. Wagonjwa zaidi ya 11,000 waliopasuliwa walifuatwa kwa makini. Ilionekana kwamba karibu wagonjwa 18 katika kila 100 walipatwa na matatizo baada ya kupasuliwa, na tatizo lililotokea mara nyingi kuliko yote lilikuwa ni kuingiliwa na vijidudu vya maradhi. Wagonjwa 239 walifariki. Katika hao, 225 hawakufariki siku ile ya kupasuliwa, bali siku zilizofuata, walipokuwa wamekwisha kurudishwa kitandani. Tena wagonjwa hao kwa jumla hawakuwa wazee. Basi ikiwa hali ni hiyo kwa watu wenye nguvu, mzee wa miaka 70 au 80 yapasa atazamwe kwa jicho la namna gani?

Hotuba hii haina nia ya kuwatisha watu wasikubali kupasuliwa. Mzee aliyevunjika nyonga, au aliyezibwa utumbo, akikosa kupasuliwa hupata madhara makubwa zaidi. Nia yake ni kueleza dalili za hatari, na jinsi ya kuzipeleka upesi kwa mtu awezaye kuzitibu. Tatizo lililoonekana mapema mara nyingi hutibika. Tatizo lile lile likiachwa usiku mmoja tu huweza kuua.

KWA NINI MZEE SI KAMA KIJANA

Mwili wa kijana ni kama nyumba yenye ghala iliyojaa. Ukija ukame, watu wa nyumba hiyo hula akiba mpaka mvua inyeshe. Mwili wa mzee ni kama nyumba inayopata chakula cha kutosha kila siku, lakini ghala yake imebaki na debe moja. Siku za kawaida hakuna anayeona tofauti. Mzee hutembea, hula, huchunga mbuzi wake, huenda kanisani au msikitini. Lakini akipasuliwa, moyo, mapafu na mafigo yake hutakiwa kufanya kazi kupita kiasi, na hapo ndipo upungufu wa akiba huonekana.

Jambo la pili ni kubwa zaidi, nalo huwadanganya wengi. Mwili wa mzee hautoi kelele kama mwili wa kijana. Kijana mwenye usaha tumboni huwaka homa na kulia kwa maumivu. Mzee huweza kuwa na ugonjwa ule ule na mwili wake usipate joto hata kidogo. Pengine huwa baridi kuliko kawaida. Moyo wake huweza kuumia baada ya kupasuliwa asisikie maumivu yo yote ya kifua. Huweza kukaukiwa maji mwilini asione kiu. Tena ikiwa humeza dawa fulani za msukumo wa damu, mapigo ya moyo wake huweza kukosa kwenda mbio hata damu inapovuja ndani.

Kwa hiyo yafaa maneno mawili yaondolewe midomoni mwa watu wanaouguza wazee. La kwanza ni hili: "Hana homa, basi hana neno." La pili ni hili: "Ni uzee tu." Uzee hauji kwa usiku mmoja. Mzee aliyekuwa akizungumza vizuri Jumatatu, na Jumatano hajui alipo, hakuzeeka kwa siku mbili. Ameugua.

MFANO WA MZEE MMOJA

Na uchukuliwe mfano wa mzee wa miaka 78, mkulima. Asubuhi moja ya mvua anateleza njiani akitoka kukama ng'ombe, na nyonga yake inavunjika. Anapelekwa hospitali, anapasuliwa, na mfupa unatengenezwa. Siku ya kwanza na ya pili anazungumza, anauliza habari za ng'ombe, hata anamkemea mjukuu wake kwa kuchelewa shuleni.

Siku ya tatu jioni binti yake anafika na uji. Mzee amelala kimya. Akiamshwa hufumbua macho, akanywa funda moja, akageuza uso ukutani. Anamwita binti yake kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Mgonjwa wa kitanda cha pili anasema kwamba mzee amechoka, maana usiku hakulala. Shangazi anasema kwamba ni dawa za maumivu. Mwingine anasema kwamba hata baba yake alianza hivyo hivyo, na kwamba wazee ndivyo walivyo. Maneno yote hayo yana sura ya kweli, na yote yanawaita watu wakae kimya.

Lakini binti yule anamjua baba yake. Anatazama kifua chake na kuhesabu pumzi kwa dakika nzima kwa saa yake ya mkononi. Zinafika 28. Anakwenda kwenye meza ya wauguzi na kusema. Mwuguzi anakuja na kipimo cha kidoleni, anaona hewa ya oksijeni imepungua katika damu, na mara anamwita daktari. Mapafu yana kichomi. Mzee anainuliwa akae, anapewa oksijeni na dawa za kuua vijidudu usiku ule ule. Baada ya siku mbili anauliza tena habari za ng'ombe.

Huu ni mfano tu, lakini mambo ya namna hii hutokea katika wodi nyingi. Katika mfano huu mzee hakukohoa, hakuwa na homa, wala hakulalamika. Dalili zilikuwa tatu tu: ukimya, kusahau jina la mtoto wake, na pumzi za haraka. Kama binti angalikubali kwamba ni uzee, asubuhi ingaliwakuta na habari nyingine.

KUCHANGANYIKIWA KWA GHAFULA

Kuchanganyikiwa kwa ghafula baada ya kupasuliwa ni jambo linalowapata wazee wengi, hasa waliovunjika nyonga. Kuna namna mbili. Namna ya kwanza hujulikana kwa urahisi: mzee huweweseka, hutaka kushuka kitandani, hung'oa dripu au mpira wa mkojo, huona watu wasiokuwapo, au hupigana na wauguzi. Namna ya pili ni ya kimya. Mzee hulala mchana kutwa, hajibu ila kwa shida, hashiki mazungumzo, hataki chakula. Huyu wa pili hasumbui mtu, na kwa sababu hiyo ndiye anayesahauliwa. Watu humsifu kwamba amepumzika, kumbe anazama.

Dalili kuu ni mabadiliko, na tena hali hiyo hupanda na kushuka katika siku moja. Asubuhi mzee huweza kuwa na akili timamu, na usiku akapotea. Kwa hiyo daktari anayepita asubuhi huenda asione kitu. Jamaa aliyekaa jioni ndiye shahidi, na ushahidi wake una thamani.

Kuchanganyikiwa huku si ugonjwa wa kichwa peke yake. Ni kengele. Chanzo chake huweza kuwa kichomi, vijidudu katika mkojo au kidonda, kukosa maji, maumivu yasiyotulizwa, kibofu kilichojaa mkojo usiotoka, kufunga choo kwa siku nyingi, sukari ya damu kushuka, upungufu wa oksijeni, au dawa yenyewe. Mara nyingine ni mzee aliyekuwa akinywa pombe kila siku naye amekatishwa ghafula. Jambo hilo lisionewe haya, daktari aambiwe mapema. Kumfunga mzee kamba kitandani hakuponyi hata kimoja katika hivyo. Kunakotakiwa ni kutafuta chanzo.

DALILI NYINGINE ZA KUANGALIWA

(1) Pumzi. Kuhesabu pumzi hakuhitaji chombo ila saa. Mgonjwa akiwa ametulia, hutazamwa kifua chake kikipanda na kushuka, na kila kupanda ni pumzi moja. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi 12 hadi 20 kwa dakika. Zikipita 20, mwuguzi aambiwe. Zikifika 25 na zaidi, hiyo ni hatari kubwa. Kadhalika zikiwa 8 au pungufu, hasa kwa aliyepewa dawa kali ya maumivu kama mofini, mtu asingoje hata kidogo.

(2) Mkojo. Mafigo yakikosa damu ya kutosha, mkojo hupungua na kuwa wa rangi nzito. Mzee asiyekojoa kwa muda wa saa 6 baada ya kupasuliwa yapasa atazamwe. Huenda amekaukiwa maji, au huenda mkojo umejaa kibofuni ukashindwa kutoka, hasa kwa wanaume wenye uvimbe wa tezi. Mwenye mpira wa mkojo, jamaa waangalie kama mfuko unaongezeka au umesimama.

(3) Damu. Kidonda kinacholowesha bendeji tena na tena huonekana na kila mtu. Damu inayovuja ndani haionekani. Dalili zake ni weupe wa midomo na viganja, jasho baridi, kizunguzungu, moyo kwenda mbio, na tumbo au paja kuvimba.

(4) Tumbo. Aliyepasuliwa tumbo, likimvimba na kuwa gumu, akatapika, akakosa kutoa hewa wala choo, au maumivu yakazidi badala ya kupungua siku ya tatu mpaka ya saba, yapasa daktari amwone upesi. Huenda mahali utumbo uliposhonwa pamevuja.

(5) Kidonda. Wekundu unaoenea, joto, uvimbe, usaha, harufu mbaya, au nyuzi kuachana. Mambo haya mara nyingi hutokea baada ya siku kadhaa, pengine mgonjwa amekwisha rudi nyumbani, na huweza kutokea hata ndani ya siku 30.

(6) Mguu. Uvimbe wa mguu mmoja, maumivu katika shavu la mguu, joto na ugumu, huweza kuwa ni damu iliyoganda ndani ya mshipa. Donge hilo likikatika na kupanda mapafuni, mtu hupungukiwa na pumzi ghafula, huumwa kifua, huzirai, na huweza kufa kwa dakika chache. Mguu wa namna hii usikandwe wala usichuliwe kwa mafuta hata kidogo.

(7) Uso, mkono na maneno. Mdomo ukienda upande, mkono ukakosa nguvu, au maneno yakawa mazito, huenda ni kiharusi, na kila dakika ina thamani.

(8) Ngozi. Wekundu usioondoka juu ya kitako, kisigino au nyonga ni mwanzo wa kidonda cha kulalia. Mzee asiyeweza kujigeuza hugeuzwa mara kwa mara, mchana na usiku.

Juu ya hizo zote iko dalili moja isiyo na kipimo, nayo ni neno la jamaa asemaye: "Huyu si yeye." Mtu aliyeishi na mzee miaka 40 huona badiliko kabla halijaandikwa katika karatasi ya kitandani.

JINSI YA KUPELEKA HABARI

Wengi huona dalili, lakini huogopa kusema. Hufikiri kwamba mwuguzi atakasirika, au daktari atawaona ni watu wasio na elimu. Wengine husema kwa njia ya kuzunguka: "Baba hali yake si nzuri sana." Mwuguzi mwenye wagonjwa 30 wa kutazama peke yake usiku hawezi kujua kutokana na maneno hayo kama mzee amekosa blanketi au anakata roho.

Yafaa habari isemwe kwa adabu na kwa mpango, katika sehemu nne: mgonjwa ni nani na ana nini sasa hivi, alipasuliwa nini na lini, kimebadilika nini, na kinaombwa nini. Binti wa mzee yule angeweza kusema hivi: "Samahani, Sista. Baba yangu ni yule wa kitanda cha saba, naye anavuta pumzi mara 28 kwa dakika. Alipasuliwa nyonga siku tatu zilizopita. Jana alizungumza vizuri, leo hanitambui wala hali. Naomba aje apimwe sasa." Maneno hayo huchukua muda mfupi kuliko kuamkiana, na hakuna mwuguzi awezaye kusema kwamba hakuelewa.

Akiambiwa angoje, na aulize kwa upole: angoje mpaka saa ngapi? Saa hiyo ikipita na mzee hajaonwa, aende kwa mwuguzi mkuu wa zamu. Na kutoka hapo kwa afisa wa kliniki au daktari wa zamu, na ikibidi kwa daktari aliyempasua. Kupanda ngazi hivi si kumsengenya mtu wala si utovu wa adabu. Ngazi imewekwa ili ipandwe. Ni vizuri pia kuandika katika kikaratasi saa iliyoonekana dalili, saa aliyoambiwa mtu, na jina la aliyeambiwa. Kikaratasi hicho humsaidia hata daktari.

Nchi nyingine zimeona uzito wa sauti ya jamaa. Katika Uingereza, mtoto wa miaka 13 alifariki mwaka 2021 baada ya wasiwasi wa wazazi wake kutosikilizwa ipasavyo. Tangu mwaka 2024 kanuni iitwayo Kanuni ya Martha, kwa jina la mtoto huyo, imeanzishwa katika hospitali zaidi ya 100 za huko. Kwa kanuni hiyo jamaa wa mgonjwa akiona hali inazidi kuwa mbaya, naye hasikilizwi, huweza mchana au usiku kuita madaktari wengine waje wamtazame mgonjwa upya.

WAJIBU WA WATU WA HOSPITALI

Hospitali nazo zimejifunza kwamba jicho peke yake halitoshi. Mwaka 2012 Chuo cha Kifalme cha Madaktari cha London kilitoa mpango wa kutambua mapema mgonjwa anayezidiwa. Hupimwa mambo sita: pumzi, oksijeni ya damu, msukumo wa damu, mapigo ya moyo, fahamu, na joto la mwili. Kila kipimo hupewa alama, 0 ikiwa ni kizuri, mpaka 3 ikiwa kimepotoka sana. Jumla ikifika 5, daktari huitwa kwa haraka; ikifika 7, huitwa watu wa dharura. Mwaka 2017 mpango huo ulitengenezwa upya, na jambo moja likaongezwa: mgonjwa aliyechanganyikiwa kwa ghafula apewe alama 3 mara moja, sawasawa na mtu anayevuta pumzi 25 kwa dakika. Kwa hiyo neno "hanitambui" limepata mahali pake katika karatasi ya vipimo.

Afrika Mashariki nayo imo katika historia ya mambo haya. Shirika la Afya Duniani lilipotengeneza karatasi ya kuulizana maswali kabla na baada ya kupasua, ilijaribiwa katika hospitali za miji minane ya dunia, na mmoja wa miji hiyo ulikuwa Ifakara, Tanzania. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Matatizo yalipungua kutoka 11 hadi 7 katika kila wagonjwa 100. Moja katika maagizo ya karatasi hiyo ni kwamba kila aliyemo chumbani ataje jina lake na kazi yake. Jambo hilo ni dogo machoni, lakini mtu aliyekwisha kutamka jina lake mbele ya wakubwa huona wepesi kutamka pia kwamba jambo fulani limekosewa.

Tena liko fundisho la mwaka 2021. Jaribio kubwa lilifanywa katika hospitali zaidi ya 300 za nchi 28 za Afrika. Wagonjwa wenye hatari zaidi walitazamwa kwa namna ya pekee: kuwekwa karibu na meza ya wauguzi, kupimwa mara nyingi zaidi, jamaa kuruhusiwa kukaa nao, na karatasi ya maagizo kuwekwa kitandani. Wengi walitumaini kwamba vifo vingepungua, lakini havikupungua kwa kiasi cha kuonekana. Jambo hili si sababu ya kuacha kutazama. Ni ukumbusho kwamba kutazama ni mwanzo tu wa kazi. Anayetazama hana budi kusema. Anayeambiwa hana budi kuja. Na anayekuja hana budi kukuta oksijeni, damu, dawa na mikono ya kutosha. Pingu moja ikikatika, mnyororo wote hauna kazi. Wenye kutawala fedha za hospitali nao wamo katika mnyororo huo.

KUZUIA KULIKO RAHISI

Mambo mengi ya kumlinda mzee hayauzwi dukani. Mzee arudishiwe miwani yake, na meno yake ya kubandika, na chombo chake cha kusikilizia ikiwa anacho, mara aamkapo kutoka nusukaputi. Mtu asiyeona wala kusikia huchanganyikiwa upesi. Aambiwe siku, saa na mahali alipo. Apewe maji kidogo kidogo ikiwa daktari ameruhusu. Maumivu yake yatulizwe, kwa kuwa mwenye maumivu hakohoi wala havuti pumzi ndefu, na kichomi huingia. Akalishwe, na asimamishwe kwa msaada mapema kadiri daktari au mtaalamu wa viungo atakavyoagiza, mara nyingi siku ya pili tu. Usiku aachwe alale, kelele na taa zipunguzwe.

Kazi ya namna hii ilijaribiwa katika mji wa New Haven, Marekani, na matokeo yakachapishwa mwaka 1999. Wagonjwa 852 wenye miaka 70 na zaidi walifuatwa, ijapokuwa hao hawakulazwa kwa ajili ya kupasuliwa. Katika waliotunzwa kwa desturi ya siku zote, 15 katika kila 100 walichanganyikiwa. Katika waliosaidiwa kutembea, kunywa, kuona, kusikia na kulala, walikuwa 10 hivi. Hakuna kazi hapo ambayo mjukuu mwenye subira hawezi kusaidia.

MZEE AKIRUDI NYUMBANI

Siku ya kuruhusiwa, jamaa wasiondoke kabla ya kuuliza: dawa zipi, kwa siku ngapi, kidonda kifunguliwe lini, arudi tarehe gani, na ikitokea hatari apelekwe wapi na ipigwe simu gani. Nambari hiyo iandikwe ukutani, si katika simu ya mtu mmoja anayeshinda kazini.

Kidonda kisipakwe majivu, samadi wala majani. Dawa za kuua vijidudu zisinunuliwe dukani kwa kubahatisha. Dawa za maumivu kama diclofenac na ibuprofen, ambazo wengi huzimeza kama njugu, huweza kuyaharibu mafigo ya mzee na kumtoa damu tumboni; asipewe bila kuuliza. Sindano au vidonge vya kuzuia damu isigande, ambavyo baada ya kupasuliwa nyonga huenda vikatumiwa kwa mwezi mmoja hivi, visikatishwe kwa sababu mzee anaonekana mzima.

Ikionekana dalili yo yote iliyotajwa, mzee apelekwe mchana huo, au usiku huo, na karatasi zake zote. Zahanati ya karibu ikiona jambo limewashinda, waombwe wamtume mbele upesi, wala isipotezwe siku nyingine kungoja. Na watu wa Kenya wakumbuke kwamba Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inasema kwamba mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Mfuko mtupu usimfungie mzee ndani.

MWISHO

Dalili ya mvua ni mawingu, na mkulima hangoji matone ya kwanza ndipo aanike mahindi yake au ayaingize ndani. Mzee aliyepasuliwa naye hutoa mawingu yake: ukimya usio wa kawaida, pumzi za haraka, mkojo uliosimama, mguu uliovimba, jina la mtoto lililosahauliwa. Anayeyaona mara nyingi si daktari. Ni mke, binti, mjukuu, au jirani aliyeleta uji.

Huyo aliyeona na aseme, hata kama ni usiku, hata kama mwuguzi amechoka, hata kama jana alisema na ikawa si kitu. Kusema mara kumi bila sababu huleta aibu ndogo inayokwisha kesho. Kunyamaza mara moja penye sababu huweza kuleta kilio kisichokwisha.